Makaroni ya kuoka: shida sio jibini, ni weupe wa sahani (Sehemu ya 6)

Baada ya ile sehemu ya uji wengi mmeniuliza kuhusu makaroni ya jibini ya kuoka: ni sawa kumpa mtoto, au tunaiga tu tunachoona kwenye simu? Msimamo wangu ni huu: mpe. Ila pika mwenyewe, na usiyapike yakiwa meupe tupu.

Makaroni ni ngano. Mchuzi wake ni maziwa, siagi, unga kidogo na jibini. Nguvu ipo, protini ipo, madini ya mifupa yapo, na hata yule mgumu wa kula anafuta sahani. Lakini madini ya chuma, yale ya kutengeneza damu, humo ni machache sana, na maziwa mengi yanauzuia mwili kuyachukua hata hayo machache. Sasa mchukue mtoto wa miaka 2: asubuhi maziwa, mchana makaroni, usiku maziwa tena kwa sababu "ugali hataki". Mashavu yamejaa, bibi anasifia, uzito kwenye kadi unapanda. Mgeuze kiganja: cheupe. Wodini tunawapokea, na mama huwa haamini kabisa, maana kwetu mtoto mnene ndiyo mtoto mwenye afya. Zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 Tanzania wana upungufu wa damu. Malaria na minyoo vinachangia, sawa, ila sahani nayo imo.

Kwa hiyo anza na nyama ya kusaga robo kilo, au maini yaliyokatwa madogo sana (maini mara moja kwa wiki yanatosha). Kaanga na kitunguu, nyanya na hoho mpaka ikauke, tia mchicha mwishoni. Na uzuri wa nyama ya kusaga humu ndani ni kwamba hakuna wa kuichambua. Kwenye mchuzi wa kawaida mnajua wenyewe, vipande vinaenda kwa baba, mtoto anapata rojo.

Chemsha makaroni gramu 250, toa yakiwa bado magumu kidogo. Siagi vijiko vikubwa 2, unga wa ngano vijiko 2, koroga kwenye moto mdogo, kisha mimina maziwa nusu lita kidogo kidogo yasifanye mabonge. Maziwa ya kupimiwa yachemke kwanza, tena msiniambie "ni ya ng'ombe wetu wenyewe", brusela haiulizi ng'ombe ni wa nani. Epua, tia jibini iliyokunwa kikombe 1. Ni ghali, najua. Weka nusu kikombe na yai 1 lililopigwa, inashika vizuri tu. Chumvi usiongeze, jibini ina yake. Vile viungo vya pakiti ndiyo kabisa, viache.

Panga makaroni, nyama, makaroni, mchuzi juu. Kama huna oveni, tumia sufuria nzito: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, kama nusu saa mpaka juu pawe kahawia. Jiko likae nje, jamani. Hewa ya mkaa haina harufu na inaua watu ndani ya nyumba iliyofungwa.

Mtoto akimaliza, mpe chungwa au embe, vinausaidia mwili kuchukua yale madini ya chuma. Chai ya rangi na chakula hapana, inayazuia. Na huyu wa zaidi ya mwaka, maziwa vikombe 2 kwa siku vinatosha.

Ila kama umesoma hapa ukamgeuza wako kiganja ukakuta cheupe, usisubiri makaroni. Kesho asubuhi mlete kliniki apimwe damu. Ni tone moja tu la kidoleni.