Jani Changa Likigeuka Manjano

Akina mama kadhaa wametufikishia swali moja kwa nyakati mbalimbali, nalo ni hili: mdimu uliopandwa uani hunyweshwa maji asubuhi na jioni, hutiliwa jivu la mekoni kila wiki, na juu ya hayo yote majani yake yazidi kugeuka manjano. Mmoja ameshaung'oa wake. Tungependa wanaokusudia kumfuata wasubiri kidogo, kwani aghalabu mti wa namna hiyo haukukosa chakula. Chakula kipo pale pale shinani, ila kimefungwa.

Katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1648, baada ya kufa kwake, mwanachuoni Jan Baptist van Helmont, wa nchi iitwayo leo Ubelgiji, alieleza jinsi alivyopima udongo mkavu ratili 200, akautia chomboni, akapanda mti mchanga wa ratili 5, akawa haupi ila maji. Baada ya miaka 5 mti ulifika ratili 169, na udongo ulikuwa umepungua kiasi cha wakia 2 tu. Akahukumu kwamba mti wote umetokana na maji. Hukumu hiyo haikutimia, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwili wa mmea hutoka katika hewa pia. Lakini linalotushughulisha sisi ni zile wakia 2 alizozipuuza. Humo ndimo yalimo madini: fosforasi, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu, salfa, na yale yahitajiwayo kwa chembe tu, kama chuma, zinki na shaba. Ni machache kwa uzito, na likikosekana moja mmea hudhoofika, hata mengine yakiwa tele.

Mzizi hauna meno. Hauchukui ila kilichoyeyuka majini. Naitrojeni, ambayo ndiyo ikuzayo majani, imejaa hewani takriban 78 kwa mia, na mchicha waweza kuteseka kwa kuikosa huku umezungukwa nayo. Kunde imepewa msaada: katika mizizi yake mna vinundu wakaamo bakteria wanaoitwaa naitrojeni ya hewani na kuigeuza ikafaa. Ing'oeni kunde moja iliyo hai, mkipasue kinundu kwa ukucha. Kikiwa kinafanya kazi, ndani yake ni chekundu, kwa sababu mna kitu cha jamii moja na kile kinachoipa damu yetu rangi.

Sasa turudi kwenye manjano. Tazameni kwanza ni jani lipi. Yakianza majani makuukuu ya chini, huenda mmea umepungukiwa na naitrojeni, na huihamisha kutoka kwa wazee kuwapa wachanga. Hapo samadi ndiyo dawa. Yakianza majani machanga ya juu, mishipa ikabaki kijani na nyama ya jani ikawa manjano, hiyo kwa kawaida ni njaa ya chuma, kwani chuma kikishaingia jani kuukuu hakihamishiki kwa wepesi.

Na chuma ardhini si haba. Ila penye chokaa nyingi hugeuka kuwa kama kutu, kisiyeyuke. Mdimu hujitahidi: mizizi yake hutoa uchachu ili kukiyeyusha, kisha hukibadilisha hali kiweze kuingia. Lakini nyumba zetu nyingi zimesimama juu ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Uchachu ule hufa hapo hapo, kama mtu akamuliaye ndimu juu ya chokaa ya tambuu. Mti uliopandwa ubavuni mwa ukuta uliopakwa chokaa hupata taabu zaidi, na maji mengi ya kisima cha mwambani huizidisha.

Jivu je? Kuni ziungguapo, naitrojeni huondoka na moshi; kinachobaki ni potasiamu na vitu vyenye tabia ya chokaa. Kwenye udongo mchachu jivu lina manufaa makubwa. Juu ya matumbawe ni kuongeza chokaa juu ya chokaa. Na misumari yenye kutu ambayo wengine huifukia shinani haifai kitu, kwani kutu ndicho kile kile kilichoshindikana.

Basi jivu liachwe. Itiwe samadi iliyooza vizuri pamoja na majani makavu, na udongo uachwe ukauke kidogo kabla ya kunyweshwa tena. Yapo maduka ya pembejeo yauzayo chuma cha kunyunyizia majani, nacho kifuatwe kipimo kilichoandikwa. Wapandao ndooni watafute udongo usio wa matumbawe. Na mbolea ya dukani isitiwe kwa konzi: mbolea ni chumvi, na chumvi ikizidi huyavuta maji kutoka mizizini, kama ivutavyo maji ya kitunguu cha kachumbari. Ncha za majani zikiungua, sababu mara nyingi ni hiyo.

Kuna jambo la mekoni lihusianalo na hili moja kwa moja. Chuma kilichomo katika mchicha nacho ni kigumu kwa tumbo letu kukichukua, na vitamini C ya ndimu hukifanyia kazi iliyo karibu sawa na ile ya mzizi: hukibadilisha hali kikaingia. Kwa hiyo ndimu ikamuliwe juu ya mboga wakati wa kula. Chai, kinyume chake, hukizuia; tunapendelea inywewe saa moja au mbili baada ya chakula, ingawa twajua ni vigumu kuwaambia watu wa Pwani hivyo. Mjamzito aliyepewa vidonge vya chuma kliniki na aendelee kuvimeza kama alivyoagizwa, kwani mchicha na ndimu haviwi badala yake.