Pensi ya sudere ni shauri la koperative



Katika koperative zetu za Fizi na Baraka, mashine ya kusaga muhogo ikikwama, mkutano unaitwa siku ile ile. Pesa ya mazutu inatoka, pesa ya mkaba inatoka. Lakini sudere akifika kuunga chuma kilichokatika, hakuna anayemuangalia ameshika nini mkononi. Hata sisi maagronomu tulikuwa hivyo: tulisema yetu ni mbegu na udongo, ya chuma ni ya mafundi.

Msimu wa mvua tulikuta kijana akichomelea mguu wa mashine, pekupeku, juu ya matope. Pensi yake, yaani kile kishikio kinachobana bageti, ilikuwa kipande cha chuma cha ujenzi kilichopindwa na kufungwa mpira wa baiskeli. Umeme ulimrusha chini. Mungu alisaidia, akaamka. Tulipomuuliza juu ya ile pensi, alijibu: “Pensi nzuri ni makuta, na nyinyi mnalipa kazi tu.” Tulikosa jibu.

Watu wengi wanaogopa ule mwanga, na ni haki, unaumiza macho. Lakini pensi nayo inaua. Mashine nyingi za kuchomelea zikiwashwa tu, hata kabla cheche haijatoka, bageti inakuwa tayari na volti kati ya 50 na 90. Mtu mkavu mwenye glavu na viatu anaweza asisikie kitu. Mwenye jasho, anayekanyaga maji, zinatosha kumaliza maisha yake.

Kwa hiyo, kabla kazi haijaanza, kamati iangalie haya:

- Pensi iwe imefunikwa yote, mkono na meno, bila kupasuka wala kuungua.
- Springi ibane bageti sawasawa. Ikilegea, pensi inapata moto na kazi inaharibika.
- Nguvu yake itoshe. Bageti ya milimita 3.2 inakula ampea 90 hadi 130 hivi. Pensi ya ampea 200 inaiweza.
- Waya usionekane uchi pale unapoingia kwenye pensi.
- Bageti ibadilishwe kwa glavu kavu za ngozi. Pensi isiwekwe kwapani, wala isitumbukizwe majini ili ipoe. Wakati wa kupumzika, bageti itolewe na mashine izimwe.
- Masi ibanwe karibu kabisa na pale panapochomelewa. Ikiwa mbali, umeme unaweza kupitia kwenye rulema na kuziharibu. Hapo mashine itakwama tena, na hasara ni yetu.

Wengine watasema: sudere ni wa kukodi, ajinunulie vyombo vyake. Tunasikia. Lakini matope ni ya kwetu, haraka ni ya kwetu, na bei ya chini tunayomlazimisha ni ya kwetu pia. Akianguka pale, tutaenda kumwambia nini mama yake?

Maoni yetu ni haya: koperative iwe na pensi yake moja nzuri, glavu kavu na ubao mkavu wa kukanyaga, vifungiwe depo pamoja na funguo za mashine. Sudere yeyote akija, avitumie. Mvua ikinyesha mahali pasipo paa, kazi ingoje.

Kwenye mkutano wa hesabu unaokuja, chini ya mstari wa mazutu, andikeni mstari mwingine: pensi.