Kingamwili Zing'aazo na Somo la Biolojia

Kutoka Njombe mjini hadi Makambako, ni watu wachache wasiopata kusikia habari za kipimo cha CD4. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulionyesha kuwa watu wazima 12.7 katika kila 100 mkoani Njombe waliishi na virusi vya UKIMWI. Lakini je, ni wangapi wajuao jinsi CD4 zinavyohesabiwa?

Kingamwili ni protini inayoundwa na mwili ili kumnasa adui mmoja maalumu, kama ufunguo na kufuli lake. Mwaka 1941, Albert Coons na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard waliiunganisha kingamwili na rangi inayong'aa inapomulikwa. Hivyo, mahali iliponasa palionekana kwa hadubini. CD4 ni protini iliyo juu ya baadhi ya chembe nyeupe za damu; mashine nyingi huzimulika chembe zilizokwisha kunaswa na kingamwili za namna hiyo, kisha huzihesabu zinazong'aa.

Kanuni hiyo hiyo hutumika kuzichunguza chembe za saratani. Mwaka 1966, George Klein wa Stockholm na Peter Clifford wa Nairobi walitumia kingamwili zing'aazo kuchunguza chembe za uvimbe ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958, baada ya kuuona katika taya za watoto wa Uganda. Chembe zilitoka kwa wagonjwa wa Kenya. Basi elimu hii si ya kigeni kwetu.

Kwa maoni yangu, mwalimu asitosheke kumkaririsha mwanafunzi kwamba "kingamwili hupambana na maradhi". Aanze na CD4, kisha aingie katika saratani. Aonye pia kwamba mng'ao peke yake si ushahidi, kwani kingamwili yaweza kunata pasipostahili. Ndiyo maana kila sampuli hulinganishwa na nyingine ijulikanayo.

Jambo hili si la mtihani tu. Mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI yumo katika hatari ya saratani ya mlango wa kizazi mara sita zaidi ya asiye navyo. Binti aliyefahamu kwamba chembe hutambuliwa kwa alama zake ataweza kumweleza mama yake kwa nini daktari anaomba kipande kidogo cha nyama ya mwili, na kwa nini haifai kungoja maumivu.