MAONI YETU: "BWANA USHURU" ANAYEPIGA SIMU



Siku ya Jumanne ya juma lililopita mke wa mwenzetu mmoja wa karakana alikuwa ameketi mbele ya mbatata zake pale Marikiti. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, wakati wa wateja wengi, mahamali wakipita na mikokoteni wakipiga kelele. Simu yake ikalia. Mtu akajitaja kuwa ni ofisa wa Mamlaka ya Ushuru, yaani KRA, naye anasema kutoka Times Tower, Nairobi. Akamwita mama kwa majina yake yote matatu. Akamwambia hajalipa kodi ya mauzo tangu mwaka 2022, deni pamoja na faini limefika shilingi 38,400, na ikifika saa nane mchana askari watakuja kufunga meza, na M-Pesa yake itazuiwa.

Kisha sauti ikapoa. "Mama, mimi naweza kukusaidia. Nitumie 6,500 sasa hivi, nilifunge faili hili kabla mkubwa hajaliona." Akatoa namba. Mama akatuma. Baada ya nusu saa bwana yule akapiga tena, anataka 3,000 za muhuri, na hapo ndipo mama alipoanza kushtuka.

Zile 6,500 zilikuwa fedha za kununulia mzigo wa siku ya pili. Mama alinyamaza siku tano kwa haya. Mumewe alijua tu alipopita sokoni akaona meza ina mafungu machache. Habari ilipofika karakana, wako waliocheka. Hao twawaambia kwamba katika juma lile lile wanachama watatu walipigiwa simu za namna hiyo, na mmoja wao ni mtu wa ofisi, mwenye kusoma kuliko sisi sote tuandikao gazeti hili. Yeye alitoa 4,000. Ametupa ruhusa tuandike bila jina, maana hata yeye aliogopa kuchekwa. Kicheko hiki ndicho kinachowalinda wezi, kwa sababu aliyeibiwa hasemi, na jirani yake huibiwa kesho kwa maneno yale yale.

Kwa nini watu wazima huogopa hivi? Babu zetu walitozwa kodi ya nyumba tangu mwaka 1901, na kodi ya kichwa tangu mwaka 1910, na mtoza kodi alikuja na askari. Hofu ile hatujaimaliza. Tena siku hizi makato ni mengi hata mtu hajui yapi ni ya kweli. Angalia karatasi yako ya mshahara: iko kodi ya mapato, iko tozo ya nyumba sehemu 1.5 kwa mia, na tangu Oktoba 2024 iko ya afya sehemu 2.75 kwa mia. Mtu akikupigia akataja kodi nyingine ambayo hukupata kuisikia, utajuaje kama si ya kweli? (Zakayo wa Yeriko angalau alirudisha mara nne. Hawa hawarudishi hata nauli.)

Basi tumweleze mama yule, na wengine, jinsi jambo lilivyo. Kodi ya mauzo kwa sheria ya sasa ni sehemu 3 kwa mia, na huanza kwa yule ambaye mauzo yake ya mwaka yamepita shilingi milioni moja. Tulihesabu pamoja naye. Siku njema huuza kwa 2,500. Hata kama siku zote 300 za mwaka zingekuwa njema, ni 750,000. Deni lile halikuwako hata kidogo.

Na hata mwenye deni la kweli hadaiwi hivi. Hesabu ya kodi huandikwa, naye hupelekewa barua au huiona katika iTax, na sheria humpa siku 30 za kupinga. Ni kweli Mamlaka yaweza kuiamuru benki itoe fedha za mdaiwa, lakini hayo huja baada ya kudai kwa maandishi. Mwizi hutwaa kweli hii kidogo akaivika uongo. Kodi hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na iTax yenyewe, fedha zikaingia kwa Serikali. Haiendi katika simu ya mtu. Ukiambiwa utume kwa namba yenye jina la mtu, huna haja ya kusikiliza zaidi.

Kwa sisi wenye mshahara hila ni nyingine. Kodi yetu hukatwa na mwajiri kabla hatujaiona, kwa hiyo ni vigumu kututisha kwa deni. Hututamanisha. "Umekatwa kupita kiasi, una marudisho ya 14,200, nitajie namba ya siri iliyoingia sasa hivi katika simu yako." Namba ile ndiyo ufunguo wa sanduku lako. Ukiitaja, umemfungulia.

Wengine wauliza: walijuaje majina matatu? Hapana uchawi. Ubao wa namba ya kulipia umetundikwa juu ya meza. Jina huonekana mtu akitaka kulipa. Kila lango la jengo kubwa mjini lina kitabu, nawe waandika jina, kitambulisho na simu, na anayefuata asoma yako. Na sisi wa ofisi ya Chama hatuna budi kukiri: tangu mwaka jana orodha ya wanachama, pamoja na namba za vitambulisho na simu, ilibandikwa ukutani nje ya mlango wetu. Mtu yeyote angeweza kuipiga picha. Tumeiondoa Ijumaa. Ilikuwa kosa letu, na twaomba radhi.

Kazi hii si ya wahuni wawili watatu tu. Oktoba 2016 polisi wa India waliingia katika majengo ya Thane, karibu na Mumbai, wakakuta mamia ya vijana wameketi kwenye simu kama makarani, kila mmoja na maneno yake yameandikwa, wakiwapigia Wamarekani na kujifanya watu wa kodi wa Marekani. Waliotishwa waliambiwa wanunue kadi za dukani na kusoma namba zake katika simu. Wamarekani wengi, na shule zao zote, walilipa.

Ukipigiwa, kata simu. Usibishane naye, maana yeye hubishana kutwa na wewe una kazi. Kisha piga wewe mwenyewe KRA, 0711 099 999, au nenda Huduma Centre pale Posta, Digo Road, hatua chache kutoka Marikiti. Namba ya mwizi ipeleke kwa Safaricom, 333, bila malipo. Kama umekwisha tuma, ule ujumbe wa M-Pesa upeleke 456 dakika ile ile. Mama yetu alingoja siku tano, hapakuwa na kitu.

Tena piga *106# utazame laini zilizoandikwa kwa kitambulisho chako. Mwenzetu mmoja alimpa kitambulisho kijana wa mwavuli barabarani kwa ajili ya laini moja, akakuta nne. Hizo tatu zingine hajui zampigia nani.

Mwisho wa kuleta hesabu za kodi ni Juni 30, na asiyeleta faini yake haipungui 2,000. Majira hayo ndiyo wezi hupiga zaidi. Ofisi itakuwa wazi kila Jumamosi ya mwezi Juni, saa tatu hadi saa saba, kuwasaidia wanachama na wake zao. Njoo na P9 yako. Neno lako la siri uliandike mwenyewe, wala usimwambie hata karani wetu.