UMEUAGA ULABU? CHUNGA MBALAMWEZI!

Wiki hii nataka kuongea na washikaji na akina dada waliouaga ulabu juzijuzi tu. Siku tatu, wiki, wiki mbili. Hongereni! Lakini kuapa ni kazi ya dakika moja. Shughuli iko kwenye jioni zinazofuata.

Nenda pale Mwaloni, Kirumba, ukawaulize wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa gizani, hufuata mwanga wa taa. Mwezi ukishapevuka ziwa zima linang'aa, taa haifui dafu, mitumbwi inapumzika. Hapo kijana ana hela mfukoni, usiku mzima hana kazi, na wenzake wote wako kijiweni. Unadhani wataishia wapi?

Na wewe wa mjini unayo mbalamwezi yako. Ni ile Ijumaa mshahara umetoka. Ni mechi ya Simba na Yanga. Ni harusi ya binamu kule Nyegezi. Viroba vilipopigwa marufuku Machi 1, 2017, wapo waliodhani dawa imepatikana. Kiroba kikaondoka dukani, kiu ikabaki na mwenyewe.

Mvuvi anajua mbalamwezi itaanza lini. Nawe jua yako, ujipange mapema. Hela atashika nani? Saa kumi na mbili jioni utakuwa wapi? Akija mtu na "moja tu ya kuzimua, mzee", utamjibu nini? Sema "leo sinywi", basi. Ukianza kujieleza, ujue umeshavutiwa kiti.

Hamu yenyewe ni kama wimbi la ziwani: linainuka, linapiga, linashuka. Mara nyingi nusu saa haiishi, limepungua. Usilisubiri na njaa. Piga ugali na sato, shiba, kisha tembea, au mpigie simu mtu anayejua kwamba umeacha.

Ila hapa sitanii. Kama ulikuwa unakunywa sana kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue, usiache ghafla peke yako chumbani. Siku mbili tatu za mwanzo mwili unaweza kukugeuka: jasho, kutetemeka, kukakamaa kama mwenye kifafa, kuona vitu ambavyo havipo. Watu hufa kwa hilo. Nenda hospitali, iwe Bugando au iliyo karibu nawe, umwambie daktari ukweli wa chupa ulizokuwa unakunywa. Zipo dawa za kukuvusha salama.

Na ukiteleza siku moja, usiseme ndiyo basi tena. Mvuvi akikosa dagaa usiku mmoja hachomi mtumbwi. Kesho yake anarudi majini.

Mwezi huzunguka kwa siku 29 na ushee, kwa hiyo mbalamwezi haikwepeki. Ivuke hii moja ukiwa mkavu. Ya pili itakukuta unaijua njia.

Kazi kwako. Tukutane wiki ijayo!