Stesheni ya Kusadikika

Hadithi za kubuni zinazotazamwa sana Afrika Mashariki siku hizi haziuzwi dukani. Ni ile michoro ya kompyuta inayotuonyesha miji yetu itakavyokuwa miaka ishirini ijayo: minara ya vioo, miti iliyokatwa vizuri, barabara pana isiyo na shimo wala foleni, na katikati yake stesheni ya treni inayong'aa kama kikombe kipya. Inawekwa kwenye mabango, magazetini, kwenye simu zetu. Tunaisambaza na kuandika chini yake "hongereni". Ila sisi tunaojiita watu wa fasihi, tunaoweza kubishana wiki nzima juu ya mhusika mmoja wa riwaya, hadithi hii tunaipita kimya. Eti ni mambo ya mainjinia.

Mimi nakataa. Hii ni kazi ya kubuni kama nyingine. Ina mandhari, wakati, wahusika, na ina msimulizi mwenye masilahi yake. Tofauti yake na riwaya ni kwamba ikishakubaliwa, mtu anabomolewa nyumba. Kwa hiyo inahitaji uhakiki kuliko riwaya yoyote niliyoisoma mwaka huu.

Tuanze na kazi yenyewe. Nairobi ina mpango unaoitwa Nairobi Railway City. Ni ekari 425 kuzunguka stesheni kuu ya reli, ng'ambo ya Haile Selassie Avenue kutoka katikati ya mji. Rais William Ruto aliuzindua mwishoni mwa 2022, akiwa pamoja na James Cleverly, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, na kampuni ya Kiingereza ya Atkins ndiyo iliyopewa kazi ya kubuni stesheni mpya. Ofisi, hoteli, maduka, makazi, maghorofa juu ya maghorofa, kwa awamu, kwa miaka mingi. Siyo jengo moja. Ni mji mzima mpya ndani ya mji wa zamani.

Na mji huo wa zamani ulizaliwa na reli. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika pale mwishoni mwa Mei 1899, mahali ambapo Wamaasai walinyweshea ng'ombe, na wajenzi wakaweka karakana na mahema. Walioijenga hadi Kisumu ni vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Ardhi ya reli ilichukuliwa na serikali ya kikoloni bila kumlipa mwenyeji, kwa hoja kwamba ni kwa manufaa ya wote. Nakumbusha hilo kwa sababu moja tu: ardhi iliyotwaliwa kwa jina la umma haiwezi kugeuka kimyakimya kuwa bidhaa ya kukodishiwa wenye fedha, halafu tukaambiwa tushangilie mwonekano wa anga.

Haya, tuhakiki. Wahusika wa hadithi hii ni akina nani? Tazama mchoro wowote wa aina hii, wa Nairobi au wa kwingineko. Utaona kijana mwenye mkoba wa kompyuta. Utaona mama anasukuma mtoto kwenye kigari. Utaona wawili wamekaa wanakunywa kahawa. Hakuna anayebeba gunia. Hakuna mama lishe, hakuna makanga anayeita abiria, hakuna mzee aliyelala kwenye benchi akisubiri treni ya alfajiri. Hakuna hata mmoja anayetoka jasho, na hii ni nchi ya ikweta! Mwandishi wa riwaya akituletea Nairobi ya namna hiyo tutamwambia hajawahi kufika. Mbunifu wa mji akituletea, tunampa kandarasi.

Sembène Ousmane alipoandika riwaya yake ya mgomo wa reli ya Dakar–Niger, iliyotoka 1960, aliwajaza wafanyakazi, wake zao, ombaomba na watoto. Alijua kwamba stesheni ni watu wanaoishi kwayo. Ukiwaondoa, unabaki na jengo lenye saa kubwa ukutani.

Sasa wakati. Hadithi hizi daima husimuliwa kwa wakati ujao: itakuwa, itainua, itavutia. Hakuna wakati uliopita. Lakini kando ya reli hiyohiyo ya Nairobi kuna mtaa wa Muthurwa, nyumba zilizojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Mwaka 2010 wapangaji waliambiwa waondoke ili eneo liendelezwe, na ubomoaji ukaanza wakiwa bado wanaishi humo. Walikwenda mahakamani. Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola wa Mahakama Kuu akaamua kwamba haki zao zimevunjwa, ikiwemo haki ya makazi iliyo katika Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya, na akalalamikia kwamba nchi haikuwa na sheria ya kuongoza namna ya kuwahamisha watu. Hukumu hiyo ni maandishi pia. Ina wahusika wenye majina, ina mgogoro, ina sauti. Mtu akiniuliza kitabu bora kuhusu ardhi ya stesheni ya Nairobi, nitamwelekeza huko kabla ya kumwonyesha mchoro wowote.

Najua jibu linalokuja. "Wewe unapinga maendeleo." Na la pili, ambalo husemwa kwa kicheko: "Mtu wa Keza unajua nini kuhusu maghorofa?"

La kwanza nalijibu hivi. Sipingi ghorofa. Ukitaka kujenga kwenda juu, kando ya stesheni ndipo mahali pake hasa: watu wengi waishi na kufanya kazi karibu na treni, mji usitambae hadi umalize mashamba yote ya pembezoni. Hoja hiyo ni ya kweli na mtu mwenye akili hawezi kuipuuza. Ila hoja hiyo inadai kwanza treni iwepo. Treni ya kisasa ya Mombasa, iliyoanza 2017, inaishia Syokimau, kilomita nyingi nje ya katikati ya Nairobi, na abiria anamalizia safari kwa treni ndogo ya kuunganisha au kwa matatu. Minara inachorwa pale ambapo reli kubwa haijafika! Halafu ghorofa inahitaji watu wanaoweza kuilipia. Kibarua wa Industrial Area anayekwenda kazini kwa miguu ili aokoe nauli hatapanga chumba kwenye mnara wa vioo. Atasukumwa mbali zaidi, kisha tutamuuzia tiketi ya treni ya kumrudisha mahali alipokuwa akiishi.

Na tuna ushahidi wa kutosha hapa kwetu. Dar es Salaam tulijenga Machinga Complex pale Ilala. Nia ilikuwa njema: wamachinga watoke barabarani, wapate sehemu yenye paa. Wengi wao wakaikimbia. Sababu waliieleza wenyewe kwa Kiswahili chepesi ambacho hakihitaji mtaalamu: mteja hapandi ghorofani kununua soksi. Biashara ndogo inaishi kwa mguu wa mpita njia. Mwaka 2021 wakaondolewa tena kandokando ya barabara, na bado jibu tunalowapa ni lilelile, panda juu.

Kampala nako, mwaka 2011, zaidi ya familia 1,700 ziliondolewa Nakawa na Naguru zikiahidiwa mji mpya wa maghorofa na nafasi ya kurudi. Nyumba zilibomolewa upesi. Mji mpya haukuja. Ardhi ikakaa na majani kwa miaka, mwekezaji akanyang'anywa mradi, na waliohamishwa walikuwa wameshazeeka kwenye vyumba vya kupanga kwingine. Kubomoa ni kazi ya wiki, kujenga ni ahadi ya kizazi. Kila mpango wa "muda mrefu" una tundu hilo katikati yake, na maskini ndio wanaoishi ndani ya tundu.

Hata hao Waingereza tunaowaita watusaidie wana somo lao. Pale King's Cross, London, eneo la ekari 67 nyuma ya stesheni lilijengwa upya, na limependeza, tusiseme uongo. Lakini viwanja ambavyo mtu anadhani ni vya umma vinasimamiwa na kampuni binafsi yenye walinzi wake na masharti yake. Mwaka 2019 ikabainika kwamba kamera za kutambua nyuso za watu zilikuwa zimetumika pale bila wapita njia kujua. Nairobi ni zaidi ya mara sita ya eneo hilo. Mlinzi wa ekari 425 atakuwa anamwajibikia nani?

Watanzania wenzangu msikae mkacheka ya jirani. Stesheni yetu ya reli ya SGR, ile iliyobuniwa kwa umbo la tanzanite, inatazamana na Gerezani, na Kariakoo ni hatua chache tu. Tangu Agosti 2024 Rais Samia alipozindua rasmi safari za Dodoma, thamani ya kila kiwanja kinachoizunguka imebadilika, na kila mwenye kibanda pale anajua. Maghorofa yatakuja. Na sisi tunajua ghorofa lililojengwa kwa pupa linafanya nini: mwaka 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka mtaa wa Indira Gandhi likaua watu 36, na Novemba 2024 jengo la Kariakoo likawafukia wafanyabiashara, wakafa zaidi ya 20. Picha za kompyuta haziangukii mtu. Zege huanguka.

Sasa nije kwa la pili, hilo la Keza. Naam, nimezaliwa kata ya Keza, wilaya ya Ngara, Kagera, mahali ambapo jengo la ghorofa moja bado ni alama ya kuelekezea njia. Lakini Keza tunajua mambo mawili kuhusu miji.

Moja: Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya takriban siku moja wakikimbia Rwanda, na kambi ya Benaco, wilayani kwetu, ikawa inaitwa mji wa pili kwa ukubwa Tanzania. Mji mzima wa turubai. Ulikuwa na soko, vinyozi, mafundi cherehani, makanisa. Wazazi wetu walikwenda kuuza ndizi na kununua maharage ya msaada. Hakukuwa na ghorofa hata moja, na hakuna aliyeuliza kama ule ni mji. Mwishoni mwa 1996 watu walirudishwa, mji ukaisha. Kwetu hatuhitaji kuambiwa kwamba mji ni watu, tumeuona ukija na tumeuona ukiondoka nao.

Mbili: Keza yenyewe iliwahi kuwa stesheni ya kwenye karatasi. Kwa miaka mingi mradi wa reli wa nchi zetu uliandikwa Dar es Salaam–Isaka–Kigali/Keza–Musongati. Jina letu lilikuwa pale, kwenye kichwa cha habari, mahali ambapo tawi la Burundi lingechepukia. Nimekua nikisikia watu wazima wakibishana reli itapita upande gani wa kilima, nani atahamishwa, nani atajenga nyumba ya wageni. Leo reli ya kwenda Burundi imeelekezwa Uvinza, mkoani Kigoma, na wa Ngara bado anapanda basi la Kahama, Nzega, Singida, Dodoma, mpaka miguu ivimbe. Hiyo ni siasa na jiografia, inawezekana kuna sababu nzuri. Ninachosema ni kwamba tunajua kuishi ndani ya hadithi ya mtu mwingine, ambaye anaweza kukufuta kwenye mistari bila kukutumia hata salamu.

Shaaban Robert alibuni nchi iliyo angani akaiita Kusadikika. Wajumbe sita walitumwa kwenda kuleta habari za manufaa kutoka nchi nyingine, waliporudi wakatiwa gerezani. Karama alipotaka tu watu wafundishwe sheria, akashtakiwa. Nchi zilizo angani zina tabia hiyo, hazipendi anayeuliza mambo ya ardhini.

Basi tuyaulize. Kabla ya nguzo ya kwanza ya mnara wowote kando ya stesheni, Nairobi au Dar, yawekwe hadharani mambo manne, kwa Kiswahili cha kusomeka. Ardhi ni ya nani, na itabaki ya nani baada ya mkataba. Nani anaishi na kufanya biashara pale sasa, kwa orodha iliyohakikiwa na wao wenyewe. Nani ana haki ya kurudi, kwa kodi ya shilingi ngapi, na lini. Na ngazi ya chini kabisa, ile ya mguu wa mpita njia, sehemu gani imetengwa kwa mwenye meza ya soksi na sufuria ya wali. Mradi usioweza kujibu manne hayo haujakamilika, hata kama picha yake ni nzuri kiasi gani.

Na ninyi wenzangu wa fasihi: mchoro unaofuata ukitua kwenye simu yako, usiandike "hongereni". Uhakiki. Hesabu wahusika. Kisha nenda hapo stesheni, mtafute aliyeachwa nje, muulize jina na alipo panapouzwa bidhaa zake, uandike. Wachoraji wana bajeti, sisi tuna kalamu, na hukumu ya Muthurwa imeonyesha kwamba maandishi ya wapangaji nayo huweza kusimamisha tingatinga.