Buster Douglas hakubahatisha

Mashabiki wa ndondi wakibishana kama mnyonge ana nafasi kwa bingwa wa uzito wa juu, lazima mtu amtaje Buster Douglas. Na kila mara anatajwa vibaya: eti alibahatisha ngumi moja, au eti marehemu mama yake ndiye aliyempigania. Jamani!

Tokyo, Februari 1990. Mike Tyson ameshinda mapambano yote 37. Kwenye kamari ya Las Vegas, dola 1 kwa Douglas inalipa 42. Sawa, lakini hebu litazameni pambano lenyewe. Tangu raundi ya kwanza Douglas anamdunga kwa kushoto, anafuatisha kulia, Tyson hamfikii. Jicho la bingwa likavimba, na kona yake haikuwa hata na kifaa cha kukandia uvimbe. Wakambandika glovu ya mpira yenye maji ya barafu! Raundi ya 8 Douglas akaangushwa, akainuka. Ya 10 akammaliza.

Uchungu wa kufiwa siudharau. Sisi waandishi tunaung'ang'ania kwa sababu unaandikika kirahisi kuliko mkono wa kushoto. Lakini Oktoba ileile Douglas alipanda ulingoni na kitambi, Evander Holyfield akamlaza raundi ya 3. Msiba ulikuwa uleule. Mazoezi ndiyo hayakuwepo.